Mali Bila Daftari: Hifadhi ya Matini Chanzi na Historia ya Mbinu katika Mazingira ya Smalltalk

Utangulizi

Mwanafunzi wa taaluma ya tafsiri hufundishwa mapema kutofautisha matini chanzi na matini lengwa. Matini chanzi ni ile aliyoiandika mwandishi mwenyewe. Matini lengwa ni ile inayomfikia msomaji wa lugha nyingine. Ni wachache miongoni mwetu wanaotambua kwamba tofauti hii ndiyo msingi wa kila programu inayoendeshwa na tarakilishi. Mwandishi wa programu huandika matini chanzi kwa lugha ambayo binadamu anaweza kuisoma. Kisha kompaila, ambayo ni mfasiri asiyechoka, huifasiri ikawa matini lengwa inayoweza kutekelezwa na mashine. Baada ya hapo mashine haina haja tena na matini chanzi. Wenye haja nayo ni watu: yule atakayeirekebisha kesho, yule atakayeikagua, na yule atakayetaka kujua ni nani aliyebadilisha neno fulani na kwa nini.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi mazingira mamoja ya kuandikia programu, yaani Smalltalk, yanavyoihifadhi matini chanzi pamoja na historia ya kila kipande chake. Hoja yetu kuu ni kwamba maswali tutakayoweza kujibu kesho kuhusu matini yoyote hutegemea kipashio tulichokichagua leo kuwa kipimo cha kumbukumbu. Anayehifadhi historia ya kitabu kizima hawezi kujibu kwa wepesi swali kuhusu sentensi moja. Hoja hii inamhusu mwanasayansi wa tarakilishi, na vilevile inamhusu mwanafunzi wa Kiswahili anayeshughulika na kamusi, istilahi na uhakiki wa miswada.

Vitu, Klasi na Mbinu

Smalltalk ilibuniwa katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC huko Palo Alto, California, katika miaka ya 1970. Alan Kay ndiye aliyelianzisha wazo lenyewe, Dan Ingalls akaujenga mfumo kwa sehemu kubwa, naye Adele Goldberg akawa miongoni mwa walioukuza na kuutangaza kwa ulimwengu. Kitabu alichokiandika pamoja na David Robson kuhusu toleo la Smalltalk-80 kilichapishwa mwaka wa 1983. Kabla yao, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Norwei walikuwa wamebuni lugha ya Simula katika miaka ya 1960, na humo ndimo wazo la klasi lilimochipuka.

Katika lugha za aina hii, programu haionekani kama orodha ndefu ya amri bali kama jamii ya vitu vinavyopelekeana ujumbe. Kila kitu kina klasi yake. Kwa mwanafunzi wa sarufi, klasi inaweza kufananishwa na ngeli: kama vile nomino za ngeli moja zinavyoshiriki upatanisho mmoja wa kisarufi, ndivyo vitu vya klasi moja vinavyoshiriki tabia moja. Tabia hiyo huandikwa katika vipande vifupi ambavyo tutaviita mbinu. Kitu kinapopokea ujumbe, huitafuta mbinu yenye jina la ujumbe huo na kuitekeleza.

Tuchukulie mfano wa chama cha akiba kinachoweka hesabu za wanachama wake kwa Smalltalk. Programu hiyo itakuwa na klasi iitwayo Akaunti, na klasi hiyo itakuwa na mbinu ya kutoa fedha. Kwa kuwa Smalltalk humruhusu mwandishi kuyateua majina yake mwenyewe, mbinu hiyo yaweza kuandikwa hivi:

    toa: kiasi
        "Mwanachama anatoa fedha katika akiba yake."
        salio := salio - kiasi

Mstari wa kwanza ni jina la mbinu pamoja na kile inachopewa. Mstari wa pili, uliofungwa kwa alama za mtajo, ni maelezo ambayo kompaila huyaruka. Yameandikwa kwa ajili ya watu pekee. Mstari wa tatu ndio unaotenda kazi: salio jipya ni salio la zamani ukiondoa kiasi kilichotolewa. Mtu akitaka kuitumia mbinu hii ataandika akaunti toa: 500, sentensi ambayo hata asiyejua programu ataikisia maana yake.

Programu Isiyokaa katika Faili

Katika lugha nyingi za programu, matini chanzi huandikwa katika faili za kawaida, na faili moja yaweza kuwa na mbinu kumi au mia. Mwandishi huifungua faili yote, hubadilisha mstari mmoja, na kuihifadhi faili yote tena. Smalltalk ilifuata njia tofauti. Vitu vyote vya mfumo, zikiwemo klasi zenyewe na mbinu zilizokwisha kufasiriwa, huishi pamoja katika kumbukumbu ya tarakilishi. Mtu anapomaliza kazi, hali yote ya vitu hivyo hunakiliwa katika faili moja iitwayo taswira. Anapoifungua taswira hiyo siku ya pili, huvikuta vitu vyote pale pale alipoviacha, hata madirisha yaliyokuwa wazi.

Katika mazingira haya mwandishi hafungui faili. Hufungua dirisha la kuvinjari ambalo upande mmoja lina orodha ya klasi, upande mwingine orodha ya mbinu, na chini yake matini ya mbinu moja tu iliyoteuliwa. Dirisha la namna hii lilianzishwa na Larry Tesler pale Xerox PARC. Mwandishi hubadilisha mbinu hiyo moja, hutoa amri ya kuikubali, na papo hapo hufasiriwa na kuanza kutumika huku programu ikiendelea kwenda. Basi mbinu ndiyo kipashio cha kuandikia, cha kufasiria, na kama tutakavyoona, cha kukumbukia.

Swali linalozuka ni hili: ikiwa taswira inabeba matini lengwa, matini chanzi imekaa wapi?

Daftari la Mabadiliko

Matini chanzi haimo ndani ya taswira. Imewekwa katika faili mbili zinazoandamana nayo. Ya kwanza ni faili ya chanzo, yenye matini ya mfumo wote kama ilivyokuwa toleo lake lilipotolewa. Faili hii husomwa tu, wala haiandikwi tena. Ya pili ni faili ya mabadiliko. Kila mbinu mpya inapokubaliwa, matini yake huongezwa mwishoni mwa faili hii. Hakuna kinachofutwa na hakuna kinachoandikwa juu ya kingine. Kwa hiyo faili hii ni daftari kwa maana yake halisi: mstari mpya huja chini ya mstari wa jana, kama mweka hazina mwaminifu anavyofanya.

Kiungo kati ya taswira na daftari ni nambari tu. Kila mbinu iliyofasiriwa hubeba, mwishoni mwake, kielekezi kidogo kinachosema: matini yangu imo katika faili fulani, kuanzia nafasi fulani. Mtu anapoiteua mbinu katika dirisha la kuvinjari, mazingira hukisoma kielekezi hicho, huenda katika faili husika, huichukua matini na kuionyesha. Msomaji haoni safari hiyo. Kwake ni kana kwamba matini ilikuwa pale pale siku zote.

Katika Squeak, tawi la Smalltalk lililotolewa mwaka wa 1996 na kundi la kina Ingalls na Kay walipokuwa katika kampuni ya Apple, kila matini inayoingia katika daftari hutanguliwa na kichwa cha namna hii:

    !Akaunti methodsFor: 'miamala' stamp: 'nk 3/12/2004 10:15' prior: 33561208!

Kichwa hiki kinataja mambo manne. Kwanza, klasi ya mbinu, ambayo ni Akaunti. Pili, fungu ambamo mbinu imepangwa, yaani miamala. Tatu, herufi za mwanzo za jina la mwandishi, pamoja na tarehe na saa. Hapa ni tarehe 12 Machi 2004, kwani mwezi hutangulia siku kwa desturi ya Marekani. Nne, ambalo ndilo kiini cha makala haya, ni nambari ya mwisho. Nambari hiyo ni kielekezi cha toleo lililotangulia la mbinu hiyo hiyo.

Alama ya mshangao hutumika kutenganisha kipande na kipande. Ikitokea kwamba mwandishi ameitumia alama hiyo ndani ya matini yake, huandikwa mara mbili ili isidhaniwe kuwa ni mpaka. Kwa kanuni hii nyepesi, daftari lote husomeka kwa jicho la mtu na kwa programu vilevile.

Mnyororo wa Matoleo

Sasa tunaweza kuona jinsi historia inavyoundwa. Mbinu iliyomo katika taswira inaelekeza kwenye matini yake ya sasa. Kichwa cha matini hiyo kinaelekeza kwenye toleo la kabla yake, nalo linaelekeza kwenye toleo la kabla ya hilo, hadi tunapolifikia toleo la kwanza lisilo na mtangulizi. Ni mnyororo unaovutwa kutoka leo kurudi jana, mithili ya nasaba inayosomwa kutoka kwa mjukuu hadi kwa babu.

Turejee kwenye chama chetu cha akiba. Toleo la kwanza la mbinu ya kutoa fedha tumeliona. Lina kasoro iliyo wazi: mwanachama mwenye shilingi 200 aweza kutoa shilingi 1,000 na kubaki na deni. Toleo la pili linaongeza sharti kwamba kiasi kisizidi salio. Baadaye chama kinaamua kutoza ada, na toleo la tatu linaandikwa:

    toa: kiasi
        "Ada ya shilingi 30 iliamuliwa katika mkutano wa mwaka."
        | jumla |
        jumla := kiasi + 30.
        jumla > salio ifTrue: [^ self error: 'Salio halitoshi'].
        salio := salio - jumla

Mwanachama anapokuja kulalamika kwamba alikatwa shilingi 30 mwezi wa Machi ilhali Februari hakukatwa, mweka hazina hahitaji kubishana naye. Anaiteua mbinu, anaomba matoleo yake, na orodha inajitokeza: nani aliandika nini, siku gani, saa ngapi. Matoleo mawili yakilinganishwa, maneno yaliyoondolewa na yaliyoongezwa hupambanuliwa wazi. Tena toleo la zamani likionekana kuwa bora, laweza kurejeshwa kwa amri moja. Hata hivyo, kurejesha si kufuta. Matini ya zamani huandikwa upya mwishoni mwa daftari kama toleo jipya zaidi, na lile lililokataliwa hubaki mahali pake katika mnyororo.

Daftari lina faida nyingine pia. Umeme ukikatika kabla taswira haijahifadhiwa, kazi ya siku nzima haipotei, maadamu kila mbinu ilikwisha kuandikwa katika faili ya mabadiliko pindi ilipokubaliwa. Mwandishi hulifungua daftari, huyatazama yaliyoandikwa tangu taswira ilipohifadhiwa mara ya mwisho, na kuyatekeleza upya. Katika Pharo, tawi lililochipuka kutoka Squeak mwaka wa 2008, kazi hiyo ya uokoaji siku hizi hufanywa na zana iitwayo Epicea, ambayo huweka kumbukumbu yake katika faili za pekee.

Daftari Likipotea

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika Smalltalk methali hii ina ukweli unaoweza kupimwa. Tuseme mtu ameinakili taswira peke yake na kuisahau faili ya mabadiliko. Programu itaendelea kufanya kazi bila kuchechemea. Ada itatozwa, salio litapunguzwa, wala hakuna mwanachama atakayetambua lolote. Lakini mtu akitaka kuisoma mbinu yetu, Squeak italazimika kuitafsiri matini lengwa kinyumenyume ili kupata kitu kinachofanana na matini chanzi. Matokeo yatakuwa haya:

    toa: t1
        | t2 |
        t2 := t1 + 30.
        t2 > salio ifTrue: [^ self error: 'Salio halitoshi'].
        salio := salio - t2

Tazama kilichobaki na kilichotoweka. Hesabu ni ile ile. Jina la mbinu limebaki, na neno salio limebaki kwa sababu limehifadhiwa katika klasi yenyewe. Lakini kiasi limekuwa t1, na jumla limekuwa t2. Maelezo yaliyosema kwamba ada iliamuliwa katika mkutano yametoweka kabisa. Tunajua kwamba shilingi 30 zinakatwa. Hatujui tena kwa idhini ya nani. Matoleo ya awali nayo hayafikiki asilani. Mashine haikupoteza chochote inachokihitaji. Waliopoteza ni watu, na walichopoteza ni lugha: majina, sababu na kumbukumbu.

Upungufu wa Njia Hii

Si haki kuusifia mfumo huu bila kuutaja upungufu wake. Kwanza, mnyororo unafuata jina la mbinu. Mbinu ikibadilishwa jina, mathalani kutoka toa: kuwa punguza:, mbinu yenye jina jipya huanza historia yake upya kana kwamba haikuwa na wazazi. Vivyo hivyo mbinu ikifutwa kisha ikaandikwa tena: matini ya zamani bado imo katika daftari, ila hakuna kielekezi kinachoifikia.

Pili, daftari lisilofutwa huvimba. Katika matoleo ya zamani ya Squeak, kielekezi hakikuweza kufika mbali zaidi ya megabaiti 32 katika faili ya mabadiliko. Ilikuwepo amri ya kulifupisha daftari, ambayo huacha toleo la sasa tu la kila mbinu na kuyatupa mengine yote. Aliyeitoa amri hiyo alipata nafasi kwa kulipa historia.

Tatu, taswira ni ya mtu mmoja. Waandishi wawili wakifanya kazi katika taswira mbili, kila mmoja huwa na daftari lake, wala madaftari hayo hayajuani. Hapa ndipo zilipobuniwa zana za kushirikiana. Kampuni ya OTI ya Kanada ilitengeneza ENVY, hifadhi ya pamoja iliyotunza matoleo ya kila mbinu kwa kundi zima la waandishi. IBM iliinunua kampuni hiyo mwaka wa 1996, na ni watu wa OTI hao hao waliounda Eclipse, mazingira ya lugha ya Java yaliyotolewa mwaka wa 2001, ambayo nayo humruhusu mwandishi kulirejesha toleo la zamani la mbinu moja. Katika ulimwengu wa Squeak, Monticello ilishika nafasi hiyo kwa kuhifadhi kifurushi kizima cha mbinu pamoja na orodha ya vifurushi vilivyokitangulia.

Kwingineko, njia ya faili ndiyo iliyotawala. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 2005, huhifadhi hali ya faili zote kwa pamoja na kuonyesha tofauti zao mstari kwa mstari. Haijui mbinu ni nini, inajua mistari. Nguvu yake katika kuwaunganisha watu wengi ilikuwa kubwa kiasi kwamba Pharo yenyewe, katika toleo la 7 la mwaka wa 2019, iliikumbatia. Matini ya kila klasi huandikwa katika faili yake ili Git iweze kuitunza, huku zana za Pharo zikiendelea kumwonyesha mwandishi mabadiliko kwa kipimo cha mbinu. Njia mbili zimekutana katikati.

Funzo kwa Wanafunzi wa Kiswahili

Huenda msomaji akauliza: haya yanatuhusu nini sisi wa lugha? Yanatuhusu sana. Mhakiki wa tendi za kale, anayelinganisha nakala mbili za mswada mmoja ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu, hutafuta kile kile ambacho kichwa cha Squeak hutoa kwa mstari mmoja: ni nani aliyenakili, lini, na kutoka nakala gani. Pale ambapo mnakili hakuitaja nakala iliyomtangulia, mhakiki hulazimika kukisia nasaba ya matini kwa kutazama makosa yanayofanana. Kielekezi kimoja kilichoachwa kingemwokolea miaka ya kazi.

Hali kadhalika, tuitafakari kazi ya kuunda istilahi. Tunapokusanya istilahi kwa ajili ya kamusi au jarida, aghalabu huziweka katika waraka mmoja mrefu unaopokezwa mkono kwa mkono. Kila anayeupokea huurekebisha na kuuhifadhi kwa jina jipya. Mwishowe tuna nyaraka saba zinazotofautiana, wala hakuna anayejua kwa nini neno ngamizi lilibadilishwa kuwa tarakilishi katika waraka mmoja na kuwa kompyuta katika mwingine. Tumeufanya waraka kuwa kipashio cha kumbukumbu, ilhali kipashio chenye maana kwetu ni kidahizo.

Dawa yake haihitaji mtambo ghali. Kila kidahizo na kiwe na ukurasa au safu yake. Kila badiliko na liandikwe chini ya lililotangulia pasi na kulifuta. Kila badiliko na lifuatane na jina la aliyelifanya, tarehe, na sentensi moja ya kueleza sababu. Ward Cunningham, aliyeanzisha wiki ya kwanza mwaka wa 1995, alikuwa mwandishi wa programu za Smalltalk. Na leo Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka wa 2003, hutunza historia ya kila makala kwa namna inayokaribiana na hiyo.

Hitimisho

Tumeona kwamba Smalltalk hutenga matini lengwa, iliyomo katika taswira, na matini chanzi, iliyomo katika daftari; na kwamba kielekezi kidogo ndicho kinachoziunganisha. Tumeona pia kwamba historia ya mbinu si kitu cha kifahari kilichoongezwa baadaye, bali ni tokeo la uamuzi mwepesi: kuongeza mwishoni, kutofuta, na kutaja kilichotangulia. Udhaifu wa mfumo hujitokeza pale pale ambapo mojawapo ya masharti hayo matatu limevunjwa.

Programu iliyopoteza daftari lake huendelea kutoza shilingi 30, lakini haiwezi tena kumjibu mwanachama anayeuliza kwa nini. Ndivyo ilivyo kwa istilahi tunazozitumia bila kujua zilitoka wapi. Ni jukumu letu, tungali na walioziunda miongoni mwetu, kuziandikia daftari.